Primal Fear (1996): Norton alipewa sifa zote, lakini bila Richard Gere ile muvi isingesimama

#1 Kalamu Nyekundu
Wakuu, salaam. Tahadhari: humu ndani mwisho wa muvi unatajwa waziwazi. Kama hujaiona, kaione kwanza kisha urudi.

Kila muvi hii ikitajwa, watu wanakimbilia kwa Edward Norton. Sawa, kijana alitisha. Ndiyo muvi yake ya kwanza, ilipotoka alikuwa na miaka 26, na anacheza Aaron Stampler, mtumikiaji wa altareni mwenye kigugumizi anayekamatwa akikimbia kwenye reli za Chicago huku damu ya Askofu Mkuu Rushman imemjaa nguoni.

Hoja yangu ni kwamba aliyeibeba muvi ni Richard Gere. Martin Vail, wakili wa Aaron anayechezwa na Gere, ndiye anayedanganywa, na sisi tunadanganywa kupitia yeye. Angekuwa wakili mwepesi wa kuamini, tungemwona mjinga. Gere anampa majivuno: suti, tabasamu la kwenye kamera, ile namna ya kumwambia mwandishi wa habari kwamba ukweli unaohesabika ni ule anaoujenga yeye kwenye vichwa vya juri. Halafu kidogo kidogo anaanza kumwamini mteja. Kuna ile sehemu ya usiku, kinywaji mkononi, anaeleza kwa nini anaifanya kazi hii: anachagua kuamini kwamba binadamu kwa asili ni wema na si kila uhalifu unafanywa na mtu mbaya. Ameyasema kwa moyo wake wote, na ndiyo imani ambayo Aaron anaitumia kummaliza. Mwisho ukifika, Aaron anakiri selo kwamba ule ugonjwa wa nafsi mbili, Aaron mpole na Roy katili, ulikuwa mchezo tu, na anampigia Vail makofi. Kinachouma pale ni uso wa Gere. Makofi ya Norton yanakuja pembeni.

Nani anabisha?

#2 Mzee wa Muvi
Nabisha mimi. Gere pale anacheza Gere. Norton alichukua Oscar kwa kazi ile, mwenzake hajawahi hata kutajwa. Steringi ni yule unayemkumbuka ukizima TV.

#3 Dada Tesa
#2 mkuu, Norton hakuchukua Oscar. Aliteuliwa kama mwigizaji msaidizi bora, akachukua Golden Globe. Oscar ya mwaka ule, kwenye sherehe za 1997, ilienda kwa Cuba Gooding Jr. Kwenye kundi lile walikuwemo pia William H. Macy, Armin Mueller-Stahl na James Woods. Ushindani haukuwa mdogo.

Kuhusu Gere uko sahihi, Oscar hajawahi kuteuliwa. Lakini hilo linamuunga mkono mleta uzi: watu wamezoea kumwona hafanyi kitu, kumbe anafanya.

#4 Mzee wa Muvi
Oscar au Golden Globe, hoja iko palepale. Nitajie sehemu moja ya Gere inayokaribia ile Roy anapomkaba Vail na kumbamiza ukutani. Moja tu.

#5 Jukwaani
#4 ileile uliyoitaja. Nimecheza michezo ya jukwaani kwa muda mrefu, naomba niongee kama mtu wa kazi.

Itazame tena, safari hii mwangalie Gere peke yake. Ametoka kugundua ule mkanda wa video ambao Askofu Mkuu aliwarekodi Aaron, mpenzi wake Linda na mtumikiaji mwenzake Alex wakifanya mambo aliyowalazimisha. Anaingia kwa hasira kwa sababu mteja alimficha. Anapiga kelele, anamsukuma kwa maneno. Norton anainamisha kichwa, kimya kidogo, sauti inarudi ikiwa nyingine kabisa: haina kigugumizi, ina dharau. Kazi ngumu hapo ni ya anayepokea. Gere akipokea kwa ujanja, tutajua ni mchezo. Anapokea kwa mshtuko wa mtu ambaye kwa mara ya kwanza hana la kusema. Halafu, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, nyuma ya hofu unaona furaha ndogo: wakili amepata utetezi. Vitu viwili kwenye uso mmoja, bila neno. Roy tumemwamini kwa sababu Vail amemwamini.

#6 Kimya Kimya
#5 umemaliza kila kitu. Asante.

#7 Dada Tesa
Kuna jambo linalosimuliwa sana kuhusu Norton. Nafasi ya Aaron waliitafutia mtu kwa muda mrefu, na yeye alipofika kwenye usaili aliwaambia anatoka mashariki ya Kentucky kama Aaron mwenyewe, lafudhi kabisa. Kumbe amekulia Maryland. Yaani aliipata kazi kwa kufanya kilekile anachokifanya Aaron: anaingia chumbani, anawasoma, anawapa mtu wanayetaka kumwona.

#8 Mzee wa Muvi
Ahaa! Sasa #7 anapigia upande wangu bila kujua.

#9 Wakili Msomi
Nimechelewa ila nimefika. Mimi niko kwenye sheria, na muvi hii huwa inanikosesha usingizi kwa mambo ambayo hamjayagusa.

Tuanze na mtego aliojiwekea Vail. Aliingia mahakamani na utetezi wa "hakutenda": kulikuwa na mtu wa tatu chumbani, mteja wangu alikimbia kwa hofu. Katikati ya kesi anagundua mteja ni mgonjwa wa akili, au ndivyo anavyoamini. Hawezi tena kusimama na kusema "alitenda, ila hakuwa na akili timamu", maana kesi imeshaenda kwa njia nyingine na Jaji Shoat si mtu wa kuchezewa. Hivyo anaupeleka ule mkanda kwa mwendesha mashtaka Janet Venable kimyakimya. Venable anapata sababu ya mauaji aliyokuwa anaitafuta, anautoa kama kielelezo, anamweka Aaron kwenye maswali ya dodoso, anambana, Roy anatoka na kumrukia shingoni mbele ya mahakama nzima. Vail hakuhitaji kuomba lolote. Upande wa mashtaka umemfanyia kazi.

Kwa ufundi ni hatua nzuri sana. Kwa maadili ya uwakili ni balaa. Umempelekea adui ushahidi unaoweza kumnyonga mteja wako. Illinois wakati ule adhabu ya kifo ilikuwepo, wameifuta 2011, na Venable alikuwa anaiomba. Kama Roy asingetokea siku ile, Vail angekuwa amemuua mteja kwa mkono wake.

#10 Shahidi wa Tatu
#9 wakili, swali ambalo limenikaa miaka. Baada ya Aaron kumwambia ukweli, kwa nini Vail hakurudi kwa jaji dakika ileile?

#11 Wakili Msomi
Siri ya mteja. Alichoambiwa kwenye selo ni maungamo ya jambo lililokwisha kufanyika, na hilo wakili halitoi. Kuna nafasi ya kusema pale mteja anapopanga kuua au kudhuru mtu mbele ya safari, lakini Aaron hakutaja mipango yoyote, alijisifia yaliyopita. Juu ya hapo, Katiba ya Marekani, Marekebisho ya Tano, hairuhusu mtu ashtakiwe mara mbili kwa kosa lilelile. Ameshaonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Kifo cha Rushman kimefungwa.

#12 Mama Nuru
Lakini wakili, si alidanganya mahakama? Alikaa kwenye kiti cha shahidi, ameapa, na kigugumizi chake cha uongo. Wakili akijua shahidi wake amesema uongo ananyamaza?

#13 Wakili Msomi
Swali zuri, dada yangu, na mawakili wenyewe wangebishana. Wajibu wa kurekebisha ushahidi wa uongo upo wakati shauri linaendelea. Je, shauri limeisha? Jaji ameshatamka msimamo wake, ila mtu atapelekwa hospitali na mahakama itahusika tena kabla ya kuachiwa. Mimi ningesema Vail ana mlango mdogo pale. Mwenzangu ninayefanya naye kazi anasema umefungwa. Tumebishana hadi ofisi ikafungwa.

Niliwahi kumtetea mtu aliyebadilisha maelezo yake siku kesi ilipokwisha, akiwa anacheka. Halikuwa kosa zito hata kidogo ukilinganisha na mauaji. Lakini najua ule uso wa Gere ukumbini anapotembea akiwa hajui aelekee wapi. Hauigizwi na mtu asiyeelewa kazi hii inakuchukulia nini.

#14 Mzee wa Muvi
Jamani hata wakili wamemteka. Nabaki na Norton wangu.

#15 Nesi Zamu ya Usiku
Habari zenu. Nafanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili. Kitu kimoja kinanisumbua: mnasema "ataachiwa" kama vile kesho asubuhi. Vail kwenye muvi anamwambia watamchunguza hospitali na huenda akatoka. Maisha halisi hayako hivyo. John Hinckley alimpiga risasi Rais Reagan 1981, mwaka uliofuata akaonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Alitoka kwenda kuishi nje ya hospitali 2016. Wengi huwa wanadhani huo ni mlango wa uhuru. Mara nyingi ni mlango wa kukaa ndani bila kujua utatoka lini.

Kwa hiyo Aaron huenda hajashinda kama anavyodhani. Amejifungia mahali penye watu kama mimi, tunaomwangalia usiku na mchana, na kuigiza mbele ya daktari saa moja si sawa na kuigiza saa nane usiku ukiamshwa.

#16 Kalamu Nyekundu
#15 hiyo sijawahi kuiwaza. Dokta Molly Arrington alikaa naye vikao vingapi tu, akashawishika.

#17 Shahidi wa Tatu
Ndiyo maana mimi siamini kwamba yule Aaron mpole hakuwahi kuwepo. Anasema hivyo mwenyewe mwishoni, na tumeshakubaliana ni mwongo. Kwa nini hilo moja tuliamini? Inawezekana kijana aliumizwa kweli na yule askofu, mkanda upo, tumeuona. Inawezekana alivunjika kweli, kisha akajifunza kuutumia ule uvunjikaji. Kuringa mbele ya Vail ni Roy kutafuta heshima.

#18 Mama Nuru
Naungana na #17. Kwenye kifua cha marehemu iliachwa ile namba ya kitabu, B32.156, na sehemu iliyopigiwa mstari inamhusu mtu anayevaa sura moja kwa ajili yake na nyingine kwa umati mpaka mwishowe hajui ipi ya kweli. Watu husema ni dongo kwa askofu. Mimi naona muuaji kajiandika humo yeye mwenyewe.

#19 Dada Tesa
Mimi hapana. Mtu aliyechanganyikiwa haachi namba ya maktaba. Huyo alipanga, akatia sahihi. #17 na #18 mna huruma mno.

#20 Wakili Msomi
Kabla hamjasema haiwezekani mtu kuigiza nafsi mbili mbele ya wataalamu, someni kesi ya Kenneth Bianchi, mmoja wa wauaji wawili wa mfululizo wa Los Angeles. Alikamatwa 1979 jimbo la Washington. Chini ya hipnosisi, ule usingizi wa kuongozwa na mtaalamu, akamtoa "Steve", mkali, mwenye matusi, anayekiri mauaji ambayo Bianchi mpole hayakumbuki. Wataalamu kadhaa wakashawishika. Akaja Dokta Martin Orne, akamdokezea kiupole kwamba si kawaida mtu wa aina hii kuwa na nafsi mbili tu. Muda si mrefu ikatokea ya tatu. Mchezo ukaishia hapo, Bianchi akakiri makosa.

Molly Arrington hakumtegea Aaron mtego wa namna hiyo hata mmoja. Kila kitu alichompa, alikipokea kama dalili.

#21 Nesi Zamu ya Usiku
#20 mkuu, upande wa pili upo pia. Billy Milligan, Ohio, 1978, mahakama ilikubali ugonjwa huohuo na hakupatikana na hatia. Daktari hawezi kuanza kwa kudhani kila mgonjwa ni tapeli. Ukianza hivyo utawaumiza waliougua kweli, na ndio wengi. Frances McDormand namtetea: anacheza daktari anayesikiliza, siyo daktari mjinga.

#22 Kimya Kimya
Na mwaka uleule McDormand ndiye aliyebeba Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa Fargo. Usiku mmoja, Norton anatoka mikono mitupu, daktari wake anatoka na sanamu.

#23 Jukwaani
Muvi ile imejaa vichwa. Alfre Woodard kama jaji, John Mahoney, Andre Braugher, Laura Linney. Mwongozaji Gregory Hoblit alitokea kwenye tamthilia za polisi na mahakama za TV, anajua kumpa kila mtu kitu cha kufanya hata akiwa na sekunde chache. Miaka mingi baadaye, 2007, alirudi tena mahakamani na Fracture ya Anthony Hopkins na Ryan Gosling.

#24 Shahidi wa Tatu
#23 na huko ndiko waliupita ukuta wa kushtakiwa mara mbili! Hopkins anaachiwa kwa kosa la kujaribu kumuua mkewe, baadaye mke anafariki, linazaliwa kosa jipya la mauaji. Vail hana bahati hiyo. Askofu Mkuu hafi mara mbili.

#25 Kauli Nzito
Salaam wote. Huwa nasoma tu, leo naandika. Mimi nina kigugumizi tangu utoto.

Watu wakiniuliza kama Norton aliiga vizuri, nasema sauti ameiweza. Pumzi inakwama pale inapokwama kweli, macho yanaenda pembeni. Lakini kuna kitu sisi wenye hali hii tunakifanya kutwa nzima bila kujitambua: tunalikwepa neno. Nikiona "b" inakuja na najua itanikwamisha, nabadilisha sentensi nzima kabla sijaifikia. Ninayeongea naye hata hajui kwamba nimekwepa. Aaron, kwa jicho langu, hakwepi. Anaingia moja kwa moja kwenye neno gumu, anakwama palepale ambapo msikilizaji atamwonea huruma, kisha anatoka. Mara ya kwanza niliona ni upungufu wa mwigizaji. Nikishajua mwisho wa hadithi, naona ni kigugumizi cha mtu aliyejifunza kigugumizi kwa kuwatazama wengine.

Sijui kama Norton alikusudia. Ila hapo ndipo ninapomvulia kofia kuliko kwenye kelele zote za Roy.

#26 Jukwaani
#25, asante kwa hili. Nitakwenda kuitazama upya kwa sababu yako.

#27 Mzee wa Muvi
#25 umenipa silaha bora kuliko zangu zote. Kalamu Nyekundu, jibu hilo na Gere wako.

#28 Kalamu Nyekundu
Najibu. Kauli Nzito amekigundua hicho kwa sababu ana kigugumizi. Sisi wengine wote tulipita bila kukiona, maana macho yetu yalikuwa kwa Vail aliyekuwa ameshaamua kumhurumia. Tazama wanapoongea selo: Gere anapunguza kasi, anamalizia sentensi kichwani kabla Aaron hajamaliza, anasubiri kwa subira ambayo hajampa mtu mwingine yeyote kwenye muvi nzima. Hampi msaidizi wake, hampi Venable ambaye walikuwa wapenzi. Anampa huyu. Ile subira ndiyo inayotuambia kigugumizi ni cha kweli.

#29 Dada Tesa
Hapo Kalamu umecheza vizuri. Ila mnamsahau Laura Linney, na mimi sitanyamaza.

Janet Venable anabanwa kila upande. Bosi wake Shaughnessy anataka ushindi na kuwalinda wakubwa wa jiji, mpenzi wa zamani anamchezea ndani ya mahakama, na bado ndiye pekee aliyekuwa sahihi kuhusu mshtakiwa tangu siku ya kwanza. Alisema kijana kaua kwa makusudi. Kaua kwa makusudi. Malipo yake ni kukabwa shingo mbele ya watu. Na anayeponza siri yote ni hiyohiyo shingo: Vail anaaga, Aaron anamwambia ampe pole Venable, anatumaini shingo yake haijaumia. Mtu anayedai hakumbuki kitu. Vail anapiga hatua kadhaa kabla halijamwingia. Bila Linney kuifanya ile hofu ya kukabwa kuwa hofu kweli, lile neno lisingekuwa na uzito.

#30 Kimya Kimya
Mimi najiuliza: aliteleza au alisema makusudi?

#31 Shahidi wa Tatu
Makusudi. Alitaka mtu mmoja ajue. Kazi nzuri namna ile bila mtazamaji ingemwua.

#32 Nesi Zamu ya Usiku
Aliteleza. Nimeona wengi wakilegea dakika ile wanayodhani wamepona. Kisha akageuza kuteleza kuwa majivuno, makofi yale ni ya kuficha.

#33 Mama Nuru
Kwenye riwaya ya William Diehl ya 1993 Vail ana maisha marefu zaidi, mwandishi alimrudisha kwenye vitabu viwili vingine, na Stampler anarudi pia. Mwenye hamu ya kujua hospitali ilimfanya nini, aanzie huko.

#34 Jukwaani
#33 riwaya ni riwaya, muvi imefungia kwa Vail kutoka mlango wa nyuma. Akiwa na waandishi wa habari wote mlango wa mbele! Yule bwana aliyekuwa anaruka kutoka kwenye kiti cha baa akiona mshtakiwa kwenye TV, leo anawakimbia. Gere huyo.

#35 Mzee wa Muvi
Anakimbia kwa sababu ya Norton. Haya, endeleeni.

#36 Wakili Msomi
Nilikuwa nimelala nikakumbuka kitu, nimerudi. #24 unasema Vail hana njia kwa sababu askofu hafi mara mbili. Na Linda je?

Aaron kwenye selo anakiri na Linda pia kamuua. Kwa kifo cha Linda hajawahi kushtakiwa mtu yeyote. Ule ulinzi wa Katiba unahusu kosa aliloshtakiwa nalo, na kosa hilo ni la Rushman. Kwa Linda, yuko wazi kabisa.

#37 Shahidi wa Tatu
Lakini Vail hawezi kusema, si ulituambia siri ya mteja?

#38 Wakili Msomi
Vail hawezi. Venable anaweza. Mkanda anao, sura ya Linda imo, na binti hajulikani alipo. Akiwauliza polisi tu "huyu msichana yuko wapi?", hajavunja siri ya mtu. Na akipata mwili, ule utetezi wa Roy utabidi uanze upya mbele ya juri nyingine, safari hii na daktari wa upande wa mashtaka aliyejiandaa.

#39 Dada Tesa
Nilisema tangu #29 kwamba huyu mwanamke ndiye wa kuangaliwa.

#40 Kalamu Nyekundu
Ngoja kwanza. Vail anajua Linda amekufa, na anajua Venable ana mkanda. Akimpa Venable shauri tu la kumtafuta binti, bila kusema kwa nini, hapo amevunja siri au hajavunja? Wakili, usilale tena.